Berega: Njia Ilihama, Watu Hawakuacha Kuja

Kipupwe kinapoelekea ukingoni, mwezi Agosti, majani ya Mikumi yamekauka na wanyama wanakusanyika penye maji. Ndiyo maana wasafiri wengi wa Morogoro huenda huko, kwenye hifadhi iliyotangazwa mwaka 1964. Ni safari njema. Ila mwenye kuipenda historia ya nchi hii, akiwa na siku ya ziada, ashike barabara ya Dodoma, apite Dumila na Magole, kisha aingie Berega, Ukaguru, nchi ya Wakaguru. Abebe na sweta. Asubuhi za milimani kipupwe huuma.

Katika karne ya 19, Ukaguru ilikuwa njiani. Misafara kutoka pwani ya Saadani ilipanda hadi Mamboya, jirani ya Berega, ikanunua chakula na kupumzika kabla ya kukabili ukame wa Ugogo. Wapagazi walipandisha nguo na shanga, wakateremsha pembe za ndovu. Watumwa nao walipitishwa, na huzuni hiyo ni sehemu ya historia yetu. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society) walifuata njia hiyohiyo. Mmoja wao, J. T. Last, aliishi Mamboya, na mwaka 1886 kikachapishwa kitabu chake cha sarufi ya Kikaguru.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, ikafuata bonde la Mkondoa kupitia Kilosa, na mwaka 1914 ikagusa Kigoma. Mzigo uliohitaji vichwa vya mamia ya watu sasa ulipakiwa kwenye behewa. Kilosa ikachangamka, Mamboya ikapoa.

Lakini Berega leo ina kitu kinachoendelea kuleta watu: hospitali ya misheni, iliyo chini ya Dayosisi ya Morogoro ya Kanisa Anglikana. Wajawazito hufika hapo kutoka vijiji vya mbali. Karibu na hospitali kuna kituo cha watoto wachanga, wengi wao wakiwa wamefiwa na mama wakati wa kujifungua. Kituo hiki kina utaratibu wa kutaka ndugu, mara nyingi msichana wa ukoo, aje kuishi na mtoto. Mlezi huyo huitwa binti. Yeye ndiye humlisha, humfulia nepi na kumbeba mgongoni kwa kanga, na mtoto hukua akimjua mtu wa kwao.

Utaratibu huo umekaa mahali pake. Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa hiyo hata mama akifariki, mtoto ana kwao. Akishatembea na kula vizuri, safari yake huanza: anarudi kijijini na mtu aliyemlea.