Insafu na Tabaka la Ozoni: Hoja Itokayo Singida

Yamezoeleka madai, hata miongoni mwa wasomi wetu, kwamba hifadhi ya tabaka la ozoni ilikuwa shughuli ya mataifa yenye viwanda, yaliyoichafua anga yakaisafisha yenyewe, na kwamba nchi kama Tanzania, isiyotengeneza klorofluorokaboni, iliitwa tu kuja kutia sahihi. Nikiitazama historia hiyo kutoka Singida, mkoa wa mtama, uwele na alizeti unaotegemea msimu mmoja wa mvua, nayaona madai hayo kuwa yamepindua mambo: Itifaki ya Montreal, mapatano ya kimataifa ya kuziacha gesi zinazoharibu ozoni, imedumu kwa sababu wanyonge walidai insafu wakapewa, na pale ambapo insafu hiyo haijafika ndipo kazi yake ilipobaki pungufu.

Kwa mintarafu ya sayansi hapana mabishano. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walibainisha kwamba klorofluorokaboni, gesi zilizosifiwa kwa kutowaka moto wala kumdhuru mtu, hupanda hadi anga za juu, zikavunjwa na miale ya jua na kutoa klorini iharibuyo ozoni; na mwaka 1985, miezi michache baada ya Mkataba wa Vienna wa kulinda tabaka la ozoni, Joseph Farman na wenzake wakatangaza upungufu mkubwa wa ozoni juu ya Antaktika.

Mabishano yako katika siasa. Richard Benedick, aliyeongoza ujumbe wa Marekani katika majadiliano, alitoa mwaka 1991 kitabu kinachoupa uongozi wa nchi yake uzito mkubwa, na wengine wakaongeza faida walizozitazamia wenye viwanda vya kemikali katika gesi za badala. Sikatai kwamba hayo yalikuwapo. Walakini simulizi hiyo humtaja kwa haraka Mostafa Tolba, Mmisri aliyeyasukuma majadiliano kutoka makao ya UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, mjini Nairobi, wala haielezi kwa nini Itifaki iliyotiwa sahihi tarehe 16 Septemba 1987 iliwakosa China na India, ambao friji za watu wao, zingalizidi bila ya kikomo, zingalibatilisha kila kilichopunguzwa Ulaya.

Kifungu cha 5 cha Itifaki kilikuwa kimekwisha kuzipa nchi zinazoendelea, zilizotumia chini ya kilo 0.3 za gesi hizo kwa kila mtu kwa mwaka, muhula wa kuchelewa wa miaka 10. Lakini muhula si mali, na anayeambiwa aache kitu rahisi anunue cha ghali ana haki ya kuuliza nani atalipa. Jibu lilipatikana London mwezi Juni 1990, ulipoundwa mfuko wa kulipia gharama za mageuzi, wenye kamati ya wajumbe 14, saba wa nchi tajiri na saba wa nchi zinazoendelea. Kwa miaka mitatu ya mwanzo ziliahidiwa dola milioni 160, nazo zingefika milioni 240 endapo China na India zingejiunga. Hesabu hiyo ndiyo hujja yangu kubwa, kwa kuwa inaonyesha waziwazi kwamba wakubwa walijua thamani ya ridhaa ya wadogo. China ilijiunga 1991, India 1992, na Tanzania 1993.

Nitaambiwa kwamba Uganda na Kenya zilijiunga 1988, kabla ya fedha yoyote. Ni kweli, na ni sifa kwao. Lakini matumizi yao yalikuwa madogo mno kuweza kuiokoa wala kuiangusha Itifaki. Nitaambiwa tena kwamba ozoni ya ukanda wa ikweta haikupungua sana, basi mkulima wa Iramba au Manyoni amefaidi nini? Amefaidi kwa njia nyingine: CFC-12, mojawapo ya klorofluorokaboni hizo, huongeza joto mara 10,000 na zaidi kuliko hewa ya ukaa kwa uzito ule ule, na kila tani iliyozuiwa ni taabu iliyopunguzwa kwa mtu ambaye mvua ikimkosa mara moja hana msimu wa pili.

Hata hivyo, insafu ya London imeishia njiani. Fundi friji mjini Singida, aletewapo friji iliyovuja, aghalabu huukata mrija wa shaba karibu na kompresa, gesi iliyobaki ikatoka kwa mluzi na kwenda zake. Huchomelea palipotoboka, akavuta hewa kwa kompresa kuukuu aliyoigeuza pampu, kisha akajaza gesi huku akiupapasa mrija kwa kiganja ili ajue kama umepoa. Simlaumu, maadamu hana mashine ya kukusanyia gesi wala hakuna anayemlipa akiikusanya. Gesi yenyewe yaweza kuwa R-22, ambayo nchi zetu zimepangiwa kuiacha ifikapo 2030, au R-134a, isiyodhuru ozoni lakini yenye kuongeza joto, ambayo Marekebisho ya Kigali ya 2016 ya Itifaki hiyo yamekuja kuipunguza.

Nakata shauri, basi, kwamba utekelezaji wa Marekebisho ya Kigali upimwe kwa idadi ya mafundi wa mikoani waliofunzwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na kukabidhiwa mashine za kukusanyia gesi, wala si kwa sheria na semina za Dodoma na Dar es Salaam peke yake. Na nathubutu kusema kwamba hapana mkataba wa mazingira utakaodumu duniani ikiwa gharama yake itaachwa mabegani mwa aliye na uwezo mdogo kuliko wote.