Kadi ya michoro: Pima umeme kabla ya kuuliza bei

MKAZI wa Mitunguu, Kaunti ya Meru, ambaye kadi ya michoro ya kompyuta yake ya michezo imeharibika, hana budi kuchunguza mambo matatu kabla ya kuabiri gari kwenda Meru mjini au Nairobi kununua nyingine.

Kwanza, umeme. Sloti ya PCI Express huipa kadi wati 75 pekee. Inayozidi hapo hudai waya wa ziada, ambao kompyuta nyingi kuukuu za ofisi hazina. GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019, yenye memori ya GB 4, hutosheka na wati hizo, ingawa baadhi ya matoleo yake huhitaji waya huo.

Pili, nafasi. Kasha jembamba hupokea kadi ya kimo kifupi tu. Lipime kwa rula.

Tatu, umri wa kompyuta. Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 hutumia wati 53, lakini kasi yake hupungua katika mashine za PCI Express 3.0.

Kadi iliyotumika ijaribiwe dukani kwa kuchezesha mchezo mzito, si kuwashwa tu. Nauli ya kuirudisha hula akiba yote.