Mkono wa masheikh katika Biblia ya Kiswahili

Sisi watu wa mwambao tuliotawanyika Maskati, Dubai na London tumezoea kuiweka kando taarikhi ya wamisionari, kana kwamba ni mambo ya majirani yasiyotuhusu. Katika makala haya tunasema kinyume cha hayo. Tukifuatilia namna madhehebu ya Kikristo yalivyokhitilafiana, kisha yakapatana, juu ya Biblia moja ya Kiswahili, tutawakuta wazee wetu humo tangu mwanzo.

Tuanze Mombasa, mwaka 1844. Johann Ludwig Krapf alifika akiwa na barua ya Sayyid Said bin Sultan iliyowataka watu wake wampokee kwa wema. Krapf alikuwa Mlutheri wa Kijerumani, lakini aliyemtuma ni CMS, jumuiya ya Waanglikana wa Uingereza. Basi ushirikiano wa madhehebu ulikuwamo ndani ya mmisionari wa mwanzo mwenyewe. Mwezi wa Juni mwaka huo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin, mwenye asili ya Barawa. Kisa cha Adam na cha Nuh hakikuwa kigeni kwa kadhi. Alitoa lugha yake na elimu yake. Dini yake alibaki nayo.

Unguja mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mwaka 1864 waliingia Askofu Tozer na Edward Steere wa misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA. Steere alipochapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, alimshukuru Sheikh Abdulaziz, aliyejitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Tunaomba neno hilo "aliyejitolea" lisipite hivi hivi. Mtu aliyejitolea hakununuliwa wala hakulazimishwa.

Wamisionari wenyewe, hata hivyo, hawakuwa kitu kimoja. UMCA waliandika kwa Kiunguja, CMS wa Mombasa wakashikilia Kimvita. William Taylor wa CMS alisoma kwa Mwalimu Sikujua, mjuzi wa Mombasa, na kwa juhudi zao wawili zikahifadhiwa tungo za Muyaka. Taylor hakukubali kwamba lugha ya washairi hao iwekwe nyuma ya Kiunguja. Ikawa Biblia ya Kiunguja imekamilika mwaka 1891, na ya Kimvita mwaka 1914. Biblia mbili, na misheni zote mbili ni za Waanglikana!

Ugomvi haukuwa wa lahaja tu. Mwaka 1913, katika mkutano wa Kikuyu, maaskofu wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda walikubaliana na Wapresbiteri, Wamethodisti na wengineo juu ya mpango wa kushirikiana, wakashiriki pamoja ibada ya komunyo katika kanisa la misheni ya Waskoti. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alighadhibika, akawashitaki maaskofu wenzake kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Hapa nasi tusifumbe macho: miongoni mwa sababu zilizotajwa za kuungana ilikuwa kuenea kwa Uislamu. Masheikh wamewafundisha lugha, na sasa dini ya masheikh imekuwa sababu ya wanafunzi wao kupanga safu.

Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, wamisionari walikaa humo pamoja na maofisa wa serikali. Lakini mwaka 1937 ilitoka Biblia nyingine, ya Karl Roehl, Mlutheri wa Kijerumani aliyewahi kufanya kazi Usambara. Roehl aliona Kiswahili kimelemewa na Kiarabu, akajaribu kuyapunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake.

Mapatano yakaja mwaka 1952, ilipochapishwa Biblia ya Muungano kwa ajili ya Unguja na Mombasa pamoja. Njia ya Roehl haikufuatwa. Kanisa, msalaba, injili, nabii, malaika, dhambi na toba, yote haya ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na yote yamo midomoni mwa Wakristo wa Afrika Mashariki hadi leo. Katika miaka ya 1990 Wakatoliki na Waprotestanti wakatoa kwa pamoja Biblia ya Habari Njema, na maneno hayo yakaendelea.

Twajifunza nini? Wako kati yetu wanaosema masheikh wale walihadaiwa. Vimo vitabu vya misheni vinavyowataja kwa mstari mmoja, kama kwamba walikuwa watumishi wa kushika wino. Kauli zote mbili zinawapunja. Kadhi na sheikh walikuwa wanazuoni wanaojiamini, waliokaa na mtu wa dini nyingine mchana kutwa wakibishana juu ya maana ya neno, kisha kila mmoja akenda kuswali au kusali kwake.

Habari zao, lakini, tumezipokea kwa kalamu ya wageni wao. Kwa hivyo tunazo rai mbili kwa jamaa wenye masanduku ya babu zao. Msitupe karatasi za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa kuwa watoto hawawezi kuzisoma. Na wazee ambao bado wanaisoma hati hiyo wakae na wajukuu, japo kwa barua moja. Krapf alimkuta mwalimu aliyekuwa tayari kumfundisha. Wajukuu wetu nao wanastahiki wa kwao.