Mninga wa babu, paini ya leo

Mimi ni seremala hapa Makambako. Samani za zamani zinazoletwa kwangu nyingi ni za mninga, mti wa miombo: nzito, na mchwa hauwezi kirahisi. Baadaye mkoa wetu wa Njombe ukaja kujaa miti ya kupandwa. Kampuni ya TANWAT ilianza 1949 na miwati, kwa ajili ya magome ya kusindikia ngozi. Paini nayo ikashamiri. Ndiyo maana kitanda kipya leo ni cha paini: rahisi kuranda, nafuu, lakini isipokaushwa vizuri inapinda (na wateja hawapendi kusubiri!). Kabati la mninga nalipiga msasa, nakaza ndimi kwa gundi, napaka vanishi. Kazi ndefu, faida ndogo. Hata hivyo, ukirithi la namna hiyo, usilipasue kuni. Lilete.