Hitilafu ya kuchaji (gari)
Hitilafu ya kuchaji hutokea alteneta inaposhindwa kuirudishia betri umeme injini ikiwa inanguruma. Betri hulaumiwa kwanza, na mara nyingi inaonewa. Betri nzima ya volti 12 iliyotulia husoma takriban 12.6; injini ikiwaka, usomaji hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Usipopanda, hata betri mpya italala. Katika barabara za udongo kama zile za Kasugho, eneo la Lubero, kusini-magharibi mwa Butembo, ni busara kukagua mkanda na nyaya kabla ya kufungua alteneta: maji na tope huutelezesha mkanda, na kutu huweza kujificha chini ya nati ya waya wa masi, unaofunga betri kwenye bodi, ilhali juu panang'aa.

Wapo wanaochomoa kichwa cha betri injini ikiwaka, wakidai kwamba isipozima, alteneta ni nzima. Jaribio hilo halipimi kitu. Injini huweza kuendelea hata kwa chaji hafifu. Tena volti, zikikosa betri ya kuzituliza, huruka ghafla na kuunguza diodi za alteneta. Kipima volti kwenye vichwa viwili vya betri, taa zote zikiwa zimewashwa, hujibu swali hilohilo bila hasara.