Mwandamo wa Mwezi na Fimbo ya Rabi Yoshua

Katika 1 Samweli 20 Daudi anamwambia Yonathani kwamba kesho yake ni mwandamo wa mwezi, siku ya kuketi mezani pa mfalme. Mara nyingi tunaupita mstari huo haraka. Lakini kwa Waisraeli, tarehe ya Pasaka na ya Siku ya Upatanisho ilitegemea mwandamo huo.

Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni takriban siku 29, saa 12 na dakika 44. Kwa kuwa mwezi hauwezi kuanza katikati ya siku, mwezi wa Kiebrania una siku 29 au 30. Nani aliamua? Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa yapata mwaka 200, inaeleza kwamba mashahidi wawili waliouona mwezi walihojiwa na baraza. Wakikubaliwa siku ya 30, siku hiyo ilitangazwa kuwa ya kwanza ya mwezi mpya, na mwezi uliopita ukahesabiwa siku 29. Wasipopatikana, ulitimiza siku 30.

Baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, baraza lilikuwa Yavne, likiongozwa na Gamalieli, mjukuu wa yule aliyemfundisha Paulo (Mdo. 22:3). Siku moja aliwakubali mashahidi ambao Rabi Yoshua aliona ushahidi wao hauwezi kuwa kweli. Tofauti ilikuwa siku moja tu, lakini siku hiyo ingewagawanya watu: hawa wakifunga, wale wakila. Gamalieli akamwagiza Yoshua aje kwake na fimbo na fedha zake katika siku ile ambayo, kwa hesabu ya Yoshua, ndiyo Siku ya Upatanisho.

Lilikuwa agizo zito. Kwa dhamiri ya Yoshua, kusafiri na kushika fedha siku hiyo ni kuinajisi. Rabi Akiva akamkumbusha Walawi 23:4: sikukuu ni za Bwana, lakini kuzitangaza wamepewa watu. Yoshua akaichukua fimbo yake, akaenda. Gamalieli akasimama, akambusu kichwani, akamwita mwalimu wake na mwanafunzi wake.

Leo Wayahudi hutumia hesabu isiyohitaji mashahidi. Nisani na Siwani zina siku 30 daima, Eluli 29. Heshvani na Kisleu hubadilika, ili Siku ya Upatanisho isiangukie Ijumaa wala Jumapili, kando ya Sabato.

Nasi katika vikao vya usharika hubishana juu ya tarehe, saa za ibada na taratibu. Si kila uamuzi wa wengi ni sahihi, na mahali imani yenyewe inapoguswa hatuwezi kunyamaza. Lakini mahali Mungu ametuachia sisi kupanga, Yoshua anatuuliza: tukishindwa katika hoja, tutaichukua fimbo twende kwa ndugu zetu, au tutaanzisha sikukuu yetu wenyewe?