Kaunta buku la zamu ya usiku

Mama alikuwa muuguzi kwa miaka 31. Alipostaafu alirudi nyumbani kwetu Pasiansi na begi moja: sare mbili, viatu vyeupe vilivyoachia soli, na kaunta buku lenye jalada jeusi. Nilidhani ni la hesabu za kikoba. Ndani nikakuta safu nne: tarehe, wagonjwa, wauguzi, glavu. Mstari mmoja ulisomeka 47, 2, hakuna.

"Hilo ndilo nililoingia nalo kikaoni," aliniambia.

Kikao hicho kilikuwa baraza la wafanyakazi, jina ambalo vijana wengi tunalisikia kwenye taarifa ya habari na kulipuuza. Lina historia yake. Mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari, serikali ililivunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, na mahali pake ikaunda chama kimoja, NUTA. Katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia waziri wa kazi. Mdai na mdaiwa wakawa mtu mmoja. Kisha Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ukaagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Mfanyakazi akapata kiti mezani, ila kauli ya mwisho ilibaki kwa wengine.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua haki ya kugoma. Lakini imeitaja afya miongoni mwa huduma muhimu, ambazo wafanyakazi wake hawaruhusiwi kugoma isipokuwa kwa masharti finyu sana. Kwa hiyo muuguzi anajadiliana na uongozi wa hospitali huku pande zote mbili zikijua kwamba kesho asubuhi atakuwa wodini.

Mwaka 2012 madaktari waligoma. Kiongozi wao, Dk. Stephen Ulimboka, alitekwa usiku wa Juni 26, akakutwa Mabwepande akiwa ameumizwa vibaya. Nilikuwa kidato cha pili. Nilimuuliza Mama kwa nini yeye anaendelea kupanda daladala kwenda kazini kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakunijibu. Nilimwona mwoga, na kwa miaka mingi sikubadili mawazo.

Mwaka 2017 ilikuwa zamu ya majirani zetu wa upande wa pili wa ziwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 41, inampa mfanyakazi haki ya kugoma, na wauguzi wa hospitali za umma waliitumia kuanzia Juni 5 hadi mwanzoni mwa Novemba, wakidai mkataba wa hali bora utekelezwe. Nilimwonyesha Mama picha za maandamano kwenye simu yangu.

"Wana haki," alisema. Akanyamaza kidogo. "Lakini miezi mitano hiyo, mama asiye na hela ya hospitali binafsi alizalishwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Sasa nadhani swali hilo ndilo mtego wenyewe. Anayelijali huwa wa mwisho kuacha kazi, na kila mwajiri analijua hilo.

Njia ya Mama ilikuwa kuhesabu. Kila usiku, baada ya kukabidhi zamu, aliandika mstari mmoja. Baada ya miezi minane alisimama kwenye baraza la hospitali yao, ambayo sitaitaja, akasoma tarehe moja baada ya nyingine hadi mwenyekiti akamwomba akae. Walipata muuguzi wa tatu wa usiku na gari la kuwarudisha nyumbani. Malimbikizo ya posho hawakuyapata. Na jina la Mama halikuonekana kwenye orodha ya waliopanda daraja mara mbili mfululizo. Yeye anasema ni bahati mbaya. Mimi siamini.

Wiki iliyopita binti wa jirani, muuguzi mwenye mwaka mmoja kazini, alikuja kulalamika kwamba usiku anabaki peke yake na wodi nzima.

"Shikamoo mama. Nifanyeje? Niache kazi?"

"Marahaba, mwanangu. Wagonjwa wangapi jana?"

Hakukumbuka. Mama akampa shilingi elfu tano, akamtuma dukani akanunue kaunta buku.